Ukurasa Alioudai Msumari

Mkwe wangu, mke wa mwanangu, hunisomea baada ya chakula cha mchana, akishafunika cherehani. Yeye hushona mapazia, na sebule yetu ndiyo karakana yake, kwa hiyo kila upande kuna kitambaa kimening'inia kikisubiri pindo au pete. Mimi hulala kwenye kochi la dirishani. Macho yangu yameliwa na presha, ile ya macho, si ya damu. Nilichobakiwa nacho ni kitundu cha katikati, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na rangi ya pazia la mteja ikikaa mbele ya kitundu hicho, basi ulimwengu wangu wa siku hiyo ni wa rangi hiyo. Nimewahi kuishi siku nyingi ndani ya kijani, na sikulalamika.

Kitabu chetu ni kimoja tu. Kimeandikwa na mwanafalsafa wa zamani aliyeyatumia maisha yake kufikiri kuhusu usingizi na ndoto, na kwenye kundi letu la mjadala mtandaoni tumempa jina la Bwana Usingizi. Aliamini kwamba mtu aliyelala hajaondoka duniani. Amehamia chumba kingine cha nyumba ileile, na akiamka huwa amesahau funguo huko. Tafsiri yake ya Kiswahili ilipita mikononi mwangu nilipokuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji. Nalitaja hilo kwa maringo, na atakayenuna anune.

Kazi ya usahihishaji tuliifanya wawili wawili. Mmoja alishika muswada akausoma kwa sauti, mwenzake alishika prufu, ile karatasi iliyochapwa kwa majaribio, na kalamu nyekundu akifuatilia. Na msomaji hakusoma maneno peke yake, alitamka na alama zote. "Aliyelala mkato hata akiwa peke yake mkato ana wageni nukta. Aya mpya." Ungepita chini ya dirisha letu ungedhani ni watu wa dini fulani ambayo bado haijaandikishwa. Nilisoma hivyo na kusomewa hivyo mpaka nikastaafu, na sikio langu likaharibika moja kwa moja. Sentensi isiyotajiwa nukta, kwangu ni mlango ulioachwa wazi. Kwa hiyo mkwe wangu alipokubali kunisomea nilimpa sharti hilo, naye akacheka kidogo, si kile kicheko chake cha kushika mbavu.

"Baba, hata nukta nitaje?"

"Hata nukta. Na mkato. Usipotaja, mimi napotea njia."

Akazoea. Siku hizi hata akiniita mezani husema, "Baba mkato chakula tayari nukta," halafu anajichekea mwenyewe jikoni. Ni mtu wa utani sana. Kulikuwa na miezi fulani mwaka jana utani ulimkauka kabisa, kisha ukaanza kurudi kidogo kidogo, na kusoma huku tulikuanza katika miezi hiyo.

Kundi letu linaitwa Baraza la Mchana. Wamo walimu, wamo wastaafu wenzangu, yumo daktari wa meno, na wamo ambao hakuna ajuaye ni nani. Mimi naingia kwa sauti: nabonyeza simu, nasema. Ujumbe wa wengine simu hunisomea yenyewe, kwa sauti ya bibi mmoja asiye na haraka ambaye hapandishi sauti hata anaposoma matusi. Sheria ya Baraza ni fupi: ukurasa au ufute. Ukidai mwanafalsafa kasema jambo, weka picha ya ukurasa, kidole chako kikiwa kwenye mstari wenyewe. Huna ukurasa, futa dai lako mbele ya watu wote. Sheria hiyo hakuna aliyeipenda kunishinda, na nimewafutisha wengi. Sijivuni. Haya, najivuna kidogo.

Mpinzani wangu mkubwa anajiita Msumari. Sura yake siijui wala kazi yake siijui. Najua tu kwamba ni kijana na ana adabu ya kuudhi, ile ya mtu anayekupisha mlangoni ili akuangalie unavyojikwaa. Siku hiyo alikuwa ameshupalia kwamba Bwana Usingizi alikuwa mtu baridi. Kitabu kizima hicho, alisema, hakina mstari hata mmoja wa huzuni. Kaandika habari za binadamu kama anayepanga sufuria kabatini. Nilikasirika kana kwamba katukanwa ndugu yangu wa tumbo moja. Nikabonyeza simu.

"Sikiliza, kijana. Bwana Usingizi amesema hivi: inawezekana kumkumbuka mtu ambaye hukuwahi kumwona, na ndoto ndipo mahali pekee pa kukutana naye. Huyo ndiye mtu baridi? Kama huyo ni baridi, mimi ni barafu."

Mara watu wakaanza kutuma vile vipicha vya mioyo, na bibi wa simu akawa anatangaza, moyo mwekundu, moyo mwekundu, moyo mwekundu, uso unaolia, moyo mwekundu, mpaka nikamzima. Nilipomwasha tena, ujumbe wa Msumari ulikuwa unanisubiri.

"Shikamoo mzee wangu. Sentensi nzuri kweli. Ukurasa, tafadhali."

Sikuwa na wasiwasi hata chembe. Sentensi hiyo niliisikia kwa masikio yangu, nikiwa nimelala pale pale kochini, pazia la rangi ya maziwa likipumua dirishani. Naikumbuka sauti ya mkwe wangu ilivyoshuka. Nilimwambia, rudia hapo, naye akarudia.

"Binti yangu," nikamwita, "nitafutie pale paliposemwa mtu ambaye hukuwahi kumwona. Upige picha, uweke kidole."

Alikuwa anakata kitambaa. Nilisikia mkasi ukisimama katikati ya njia yake.

"Nitapatafuta, Baba," akasema, na mkasi haukuendelea mara moja.

Alipatafuta. Mchana ule na michana iliyofuata nilimsikia akifunua kurasa, taratibu, kwa mkono wa mtu asiyetaka kufika mwisho. Kila nilipouliza alijibu hajapaona bado. Msumari naye hakulala. Alisema kitabu anacho, amekisoma jalada hadi jalada, hakuna kitu kama hicho. Nikamwambia hicho chake ni toleo la pili, lililopunguzwa sura moja. Changu ni toleo la kwanza, na nililisahihisha mwenyewe. Hilo lilikuwa kweli tupu, na wazee wenzangu wakanipigia makofi ya maandishi.

"Basi la kwanza, mzee," akajibu Msumari. "Sina ugomvi. Ukurasa."

Mwenyekiti wa Baraza akaona mambo yamekuwa marefu, akatoa muda: mwisho Ijumaa.

Ndipo mwanangu akaingia katika habari hii. Yeye ni fundi wa lifti, mtu wa kazi, mtu ambaye angependa kila jambo duniani liwe na kitufe. Alikichukua kitabu akakipitia mwenyewe baada ya kazi, mikono ikinuka grisi, na alipomaliza akakaa kwenye mkono wa kochi langu.

"Baba, nimepita kote. Hakuna."

"Ipo."

"Baba."

Alilisema neno hilo moja tu, kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. Nilijua anachokifikiria. Juzi juzi nilitia chumvi kwenye chai. Nilimwita kwa jina la mjomba wake, tena mbele ya wageni. Niliacha bomba la bafuni wazi mpaka maji yakaja kutuamkia sebuleni. Kipofu akifanya hayo watu husema ni macho, lakini hayo yote yakiungana na sentensi ambayo haipo, watu huanza kusema jambo lingine.

"Kuna daktari," akasema. "Si wa macho. Wa kumbukumbu. Ni kuzungumza naye tu, hachomi sindano."

"Nami nizungumze naye nini? Nimweleze ndoto zangu?"

"Ndiyo hivyo, Baba. Labda uliota."

Niliogopa. Nalisema bila kulipamba. Macho yalipoanza kwenda nililia, nikanyamaza, nikayaaga, kwa sababu mtu asiyeona bado ana nyumba yake ndani ya kichwa na anajua kiti kiko wapi. Lakini akili ikiondoka inaondoka na nyumba yenyewe. Na mbaya zaidi, kuanzia hapo nikawa sina uhakika. Nililala mchana nikaamka mchana, na katikati nilisikia watu wakisoma, na sikujua tena nani alikuwa kitabuni na nani alikuwa usingizini. Marehemu mke wangu alinisomea ukurasa mzima akitaja mikato yote, na kwa muda mzuri tu niliamini ni kweli.

"Labda kweli niliota," nilimwambia mkwe wangu siku moja. Nilisema nikicheka, ili lisiwe zito.

Nilimsikia akivuta pumzi kwa nguvu, kisha akaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikwisha kuoshwa.

Siku ya kuamkia ile Ijumaa nilikuwa peke yangu sebuleni. Yeye alikwenda kumpimia mteja madirisha. Kulikuwa na pazia jipya mbele yangu, zambarau nyepesi, na jua la saa nane lilipopita ndani yake hata kuta zilionekana kuelea. Nililala nusu. Katika hali hiyo sentensi za kitabu huanza kunijia zenyewe, moja moja, na mimi huziacha zipite. Zote huja kwa sauti ya mkwe wangu. Aliyelala mkato hata akiwa peke yake mkato ana wageni nukta. Usiku hauanguki mkato unaingia kwa miguu kama watu wengine nukta. Zikaja, zikapita.

Ikaja ile ya kwangu. Inawezekana kumkumbuka mtu ambaye hukuwahi kumwona, na ndoto ndipo mahali pekee pa kukutana naye. Ikaja imenyooka, laini, mwanzo hadi mwisho, na sikusikia mkato wala nukta.

Nikafumbua macho.

Nikazitafuta nyingine nilizozipenda, zile nilizosema, rudia hapo. Usingizi wa mama ni mwepesi hata kama hakuna wa kumwamsha. Haikuwa na nukta. Nyumba inaweza kuwa kubwa mno kwa ajili ya mtu mdogo ambaye hakuja. Hiyo nayo haikuwa nayo. Nilikaa kitako nikazipanga zote kichwani, na zote nilizozipenda zilikuwa zimekuja bila alama, nami kwa kuzipenda sikugundua, kwa sababu mtu hatamki alama asizoziona. Mkwe wangu hakuwa akisoma. Alikuwa akisema.

Kwanza niliwaka. Msahihishaji ni msahihishaji tu. Kuchezea maandishi ya mtu, tena maiti asiyeweza kujitetea, kwangu ni wizi wa mchana kweupe. Na huyu kaniacha nidhalilike mbele ya Baraza, na mume wake ananitafutia daktari wa wendawazimu, naye anakimbilia jikoni kusugua masufuria! Nilisimama, nikagonga goti kwenye meza ya kukatia, nikakaa tena. Goti likiniwaka, ndipo maneno yenyewe yakaniingia. Mtu mdogo ambaye hakuja.

Mwaka jana mkwe wangu alishika mimba, nayo ikatoka. Alilazwa kidogo, akarudi, akafunua cherehani. Sisi wanaume wa nyumba hii tulimwambia yale yanayosemwa: pole, jikaze, Mungu atawapa mwingine. Tulisema mara moja, kwa haraka ya mtu anayevuka barabara, basi. Mwanangu akaongeza zamu kazini. Mimi nilimwomba maji ya kunywa, na baada ya siku chache nikamwomba anisomee. Tangu siku ile hakuna aliyelitaja jambo hilo ndani ya kuta hizi, isipokuwa yeye, kila mchana, mbele yangu kabisa, kwa kinywa cha mwanafalsafa aliyekufa zamani. Nami nikawa naitikia kochini nikisema, ah, huyu bwana ana akili sana. Nililia pale pale, kwa aibu na kwa huruma, sijui ipi ilikuwa kubwa.

Kabla hajarudi nilikuwa nimeamua. Nikisema kwamba niliota mimi, hakuna atakayemuuliza yeye neno. Nitaitwa mzee aliyepotewa, nitapelekwa kwa huyo daktari, nitazungumza naye. Nilipiga moyo konde nikaona naweza.

Ijumaa mwanangu alitoka kazini mapema. Niliwaita wote wawili sebuleni, nikawaambia wakae, nataka mashahidi. Mkwe wangu alikaa kwenye kiti cha cherehani, nilikisikia kikilia. Mwanangu alibaki mlangoni.

Nikabonyeza simu. "Ndugu zangu wa Baraza. Nilidai jambo juu ya Bwana Usingizi na sina ukurasa. Nadhani niliota. Mimi ni mtu mzima sasa, na kichwa changu..."

"Baba, usitume."

"Niache nimalize."

"Baba, usitume! Hukuota. Ni mimi."

Niliuvuta ujumbe pembeni ili ufutike, nikiomba Mungu niwe nimeuvuta upande wenyewe.

"Kuna kurasa zilikuwa zimegandana," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Siku za mwanzo. Sikutaka kuzichana, nikajazia maneno yangu hapo katikati. Nikadhani Baba hatajua. Ukatabasamu ukasema, rudia hapo. Mimi hakuna mtu aliyewahi kuniambia rudia hapo. Kila nilichosema mwaka jana niliambiwa jikaze. Basi nikawa naongeza. Sentensi moja leo, moja kesho kutwa."

"Na ukamwacha adhaniwe amerukwa na akili?" Mwanangu alikuwa ameshaacha mlango akaja katikati ya sebule. "Unanisikia nampigia daktari simu, umekaa tu hapo unashona?"

"Nilitaka kusema kila siku. Lakini nikisema hili, ingebidi niseme na lile. Na lile hulitaki. Kila nikiligusa unakumbuka kuna lifti imekwama mahali."

Nikaona ni zamu yangu.

"Mimi nimejua tangu jana," nikasema.

"Umejuaje?" wakauliza pamoja.

"Hazikuwa na nukta."

Mkwe wangu alianza kucheka. Alicheka kile kicheko chake cha kushika mbavu, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia kwa muda mrefu, na katikati ya safari kikageuka kuwa kilio. Sikumwambia ajikaze. Nilimwacha alie kwa sauti, nikachukua simu.

"Ndugu zangu," nikasema, "dai langu nalifuta. Bwana Usingizi hakusema maneno yale, si toleo la kwanza wala la pili. Msumari yuko sahihi nami nilikosea. Sikuota, ila nilikosea."

Bibi wa simu hakuchelewa kuleta jibu. "Msumari anasema: Nimekubali, mzee wangu. Hata mimi nasikitika kwamba haimo. Lakini kama si yeye, ni nani basi aliyesema?"

Sikumjibu, kwa sababu mwanangu alikuwa amevuta kigoda akakaa karibu na cherehani.

"Unamwota?" akauliza.

"Nani?"

"Unajua nani."

Gari lilipita nje, na zambarau ya dirishani ikatikisika kidogo.

"Namwota," akasema mke wake. "Ni wa kike. Anakaa chini ya meza ya kukatia anaokota vipande. Nikiinama kumwangalia naona vipande tu."

Niliona hapo hapanihusu tena, lakini kipofu akiinuka katika chumba kilichojaa vitambaa anazua zogo kubwa kuliko akibaki. Kwa hiyo nikajilaza, nikafumba macho, nikaanza kukoroma kidogo ili wanisahau. Nilikoroma kwa uangalifu, nikiacha nafasi za kusikiliza.

Nilimsikia mwanangu akisugua viganja vyake, kama anavyofanya akitaka grisi itoke.

"Wangu sijui kama ni wa kike au wa kiume," akasema mwishowe. "Ananishikia tochi chini kwenye shimo la lifti. Karibu kila siku. Nikigeuka nimtazame, mwanga unanipiga machoni, kwa hiyo sijawahi kumwona uso."

Cherehani ililia kidogo, kama iliyoegemewa na mtu.

"Siku nyingine," akasema mke wake, "mwambie aishushe tochi."